Chuma Hiki Chabeba Kilo Ngapi? Mazungumzo na Mafundi wa Amu

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mafundi, manahodha na wanafunzi wa ufundi katika ua wa Ngome ya Lamu, au Amu kama tuiitavyo wenyewe. Wengine wengi hawakufika, walikuwa kazini au baharini, wakaniomba niyaandike. Michoro niliyoionyesha ukutani nimeiacha. Asiyeiona hapungukiwi kitu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mafundi wenzangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema, hamjambo?

Liko swali moja ambalo huulizwa karibu kila nikipita palipo na ujenzi. Fundi hushika nondo mkononi, au huniashiria boriti, akaniambia: "Injinia, kitu hiki chabeba kilo ngapi?" Nami humrudishia swali juu ya swali, jambo ambalo najua linaudhi. Kilo hizo zakiendeaje? Zakivuta? Zakigandamiza? Zakikata? Zakipinda? Zakisokota?

Chukueni jiwe la matumbawe lililochongwa kule Maweni, Manda. Liweke chini, panga juu yake mawe mengine hadi kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Halina neno. Sasa lichukue jiwe lile lile, litundike, uanze kuning'iniza mawe chini yake. Litakatika mapema sana. Kamba nayo ni kinyume. Ivute, itakupandishia tanga na foromali yake yote. Isukume, haikufanyii lolote. Basi jiwe lina nguvu au halina? Kamba ina nguvu au haina? Mwaona kwamba swali la kilo peke yake ni nusu ya swali. Nusu iliyobaki ndiyo niliyowaitia leo.

Kwanza tuelewane juu ya mkazo wenyewe. Mkazo ni nguvu kugawa kwa eneo linaloipokea. Basi, hakuna zaidi. Nguvu twaipima kwa Nyutoni, na kilo moja ikining'inia huvuta kwa karibu Nyutoni 10. Eneo twalipima kwa milimita za mraba. Nyutoni moja kwa milimita moja ya mraba ndiyo megapaskali moja, na hiyo ndiyo namba mtakayoikuta kwenye karatasi za viwanda vya chuma.

Tuning'inize tani moja. Tuining'inize kwa nondo ya milimita 12. Uso wake ukiukata ni milimita za mraba 113, kwa hiyo mkazo ni megapaskali 87. Tushuke hadi nondo ya milimita 8: uso ni 50, mkazo 195. Tushuke tena hadi ile ya milimita 6: uso ni 28, mkazo karibu 347. Chuma laini cha kawaida huanza kunyooka pasipo kurudi kinapofika megapaskali 250 hivi. Kwa hiyo ya 12 imetulia, ya 8 inavumilia lakini mimi sipiti chini yake, na ya 6 imekwisha nyooka. Tani ni ile ile. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni eneo, tena tazameni: kipenyo kimepungua nusu tu, kutoka 12 hadi 6, na mkazo umepanda mara nne. Kijana anayekwambia "hii ya sita nayo itafaa, ni nusu tu" hajakosea hesabu ya kipenyo. Amekosea hesabu ya eneo.

Hiyo ilikuwa kuvuta, mkazo ulio rahisi kuliko yote. Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kwamba kitu kinachovutwa hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta: ongeza nguvu mara mbili, nacho kitarefuka mara mbili, maadamu hujavuka mpaka wake. Jambo hilo alikuwa amelitangaza miaka miwili kabla, 1676, kwa herufi zilizovurugwa ili mtu asimwibie kabla hajawa tayari. Kumbe si mafundi wa Pwani peke yao wanaoficha siri za kazi! Ile nondo yetu ya 12, ikiwa na urefu wa mita 6 na tani moja chini yake, hurefuka milimita mbili na nusu hivi. Ondoa tani, inarudi. Ile ya 6 hairudi. Ukiona chuma kimerefuka na hakirudi, hicho kimekwisha kukwambia yake.

Sasa geuzeni nyuso mtazame ukuta wa Ngome hii. Ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hapa mkazo ni wa kugandamiza. Nawauliza: ukuta wenye unene wa sentimita 60 na ukuta wenye unene wa sentimita 30, vyote vina kimo kimoja, ni upi ambao jiwe lake la chini limekazwa zaidi na uzito wa ukuta wenyewe?

(Sauti zilitoka pande zote: wengine wakisema mnene, wengine mwembamba.)

Hakuna. Ni sawa. Mnene ni mzito mara mbili, lakini una eneo mara mbili. Fanyeni hesabu ya ukuta wa mita 8, kilo 2,000 kwa kila mita ya ujazo: mkazo pale chini ni megapaskali 0.16 tu. Zege la kawaida la nyumba hutakiwa lifike 20 au zaidi. Hata chokaa iliyokauka vizuri haisumbuliwi na 0.16.

Basi wazee wetu walijenga kuta nene kwa nini? Walikuwa na mawe ya kuchezea? Hapana. Ukuta wa mawe haufi kwa kusagwa, hufa kwa kuegemea. Uzito ukishuka katikati ya unene, uso wote umegandamizwa na mambo ni salama. Ukianza kusogea ukingoni, kwa sababu dari imeusukuma au msingi umezama upande mmoja, upande wa pili hupumua. Hesabu yasema hivi: uzito ukibaki ndani ya theluthi ya kati, hakuna sehemu inayovutwa. Katika ukuta wa sentimita 60 theluthi hiyo ni sentimita 20. Katika ukuta wa 30 ni sentimita 10 tu. Ukitoka humo, ukingo wa upande mmoja huanza kuvutwa, na chokaa haiwezi kuvutwa. Hufunguka. Kwa hiyo unene wa ukuta ni nafasi ya kuyumba bila kuanguka. Nawaomba mlikumbuke hilo mtu akija na fikira ya kuchonga ukuta wa kale kwa ndani ili apate chumba kipana.

Kugandamiza kuna hila ya pili, na hii manahodha wanaijua mikononi. Upondo, ule mti wa kusukumia chombo. Ukiusukuma upondo mfupi, wavunja bega lako kabla haujavunjika. Ukiusukuma mrefu, hujipinda kati, na ukizidisha hukatika, wala si kwa sababu mti umesagwa. Mswisi Leonhard Euler aliipata kanuni yake mwaka 1744: ongeza urefu mara mbili, na uzito unaoweza kusimama juu ya mti ule ule hushuka hadi robo. Nguzo zile mnazosimamisha chini ya mbao za kumwagia zege, msizipime kwa unene peke yake. Zifungeni kati kwa fito, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Fito zile hazibebi zege hata kilo moja. Kazi yake ni kuifupisha nguzo.

Tuje kwenye kukata, mkazo ambao twausahau kwa sababu hauonekani. Kuvuta na kugandamiza huja wima juu ya uso. Kukata hupita sambamba na uso: huku kwaenda kulia, huku kwaenda kushoto, na kilicho kati ndicho kinachotaka kukatika. Msumari unaoshika ubao kwenye taruma, ule ubavu wa chombo, uko katika kukatwa. Pini ya usukani iko katika kukatwa.

Wazee wa mtepe walijua hili kabla ya kitabu. Mtepe, kile chombo cha kale cha Pwani, haukuwa na msumari, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na vijana wengi hufikiri kamba ndiyo iliyofanya kazi yote. Kamba huvuta tu. Kamba ilikaza ubao juu ya ubao. Lakini chombo kikipanda wimbi, mkuku, ule mti mkuu wa chini, ukapindika, kila ubao hutaka kuteleza juu ya mwenzake, na kamba haizuii kuteleza vizuri. Ndiyo maana kwenye kingo za mbao, ndani, mlitiwa vigingi vya mti. Kamba kwa kuvutwa, kigingi kwa kukatwa. Kila kimoja kimepewa mkazo unaokiweza. Mimi nikiulizwa ni uhandisi gani mkubwa uliotoka upande huu wa Afrika, huutaja mtepe kabla ya jengo lolote.

Mkitaka kuuona mtelezo huo kwa macho, chukueni mbao mbili sawasawa, mzipandanishe pasipo msumari, mzilaze juu ya matofali mawili na mkanyage kati. Mtaona ncha zake zimepishana. Mbao mbili zilizolala hivyo zina nguvu ya mbao mbili. Zigundishe kwa gundi nzuri zisiteleze, zitakuwa na nguvu ya mbao nne, na ugumu wa kutopinda wa mbao nane. Hamjaongeza mti. Mmezuia kukatana tu.

Hapa nataka niwahadithie jambo la Marekani, mji wa Kansas City, tarehe 17 Julai 1981. Hoteli ilikuwa na ukumbi mkubwa, na juu ya ukumbi vidaraja vya kupitia watu vimening'inizwa kutoka paa: kimoja usawa wa ghorofa ya nne, na chini yake kabisa kingine usawa wa ghorofa ya pili. Mchoro wa kwanza ulisema kila chuma cha kuning'inizia kiwe kimoja kirefu, kishuke kutoka paa, kipite daraja la juu, kifike la chini. Kila daraja likae juu ya nati yake kwenye chuma hicho. Wakati wa kutengeneza, chuma kirefu kilionekana kina taabu: nati ingepandishwaje njia yote ile? Wakaamua kukigawa. Chuma kimoja kutoka paa hadi daraja la juu, kingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Nani angeona tofauti? Chuma ni kile kile, madaraja ni yale yale, uzito ni ule ule.

Fikirini watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akijishika kwa mikono yake. Sasa yule wa chini aachie kamba, amshike mwenzake miguu. Kamba haijui tofauti. Lakini mikono ya yule wa juu?

Nati ya daraja la juu ilibeba madaraja mawili badala ya moja. Na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza ulikuwa na asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na sheria ya mji ule. Jioni ile, watu wamejaa ukumbini wakicheza dansi, nati zikapenya boriti za chuma, madaraja yakashuka. Walikufa watu 114. Vile vyuma virefu havikukatika. Havikunyooka. Kilichoachia ni kiungo.

Ndugu zangu, ukiangalia jengo lililoanguka mara nyingi utakuta ubao mzima, chuma kizima, jiwe zima, na kiungo kimeachia. Mteja akikubadilishia njia ya kufunga kitu, hata kwa jambo dogo namna hiyo, usikae na uzito tu. Ufuate uzito kwa kidole, kutoka juu hadi ardhini, na kila unapofika penye kiungo uulize: hapa wavuta, wagandamiza, au wakata, na juu ya eneo gani?

Tupande sasa kwenye kupinda, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo Amu inapopoteza fedha nyingi.

Kitu kikipindwa, upande mmoja huvutwa na upande wa pili hugandamizwa, na kati kuna mstari ambao hauna lolote. Boriti iliyolala juu ya kuta mbili, ikikanyagwa kati, huvutwa chini na kugandamizwa juu. Hilo peke yake lawatosha kuelewa kwa nini zege hutiwa chuma. Zege likigandamizwa ni hodari. Likivutwa lina kama sehemu moja ya kumi ya uhodari ule. Kwa hiyo chuma hukaa pale panapovutwa. Boriti ya juu ya mlango: chuma chini. Nyote mwajua.

Galileo aliandika kisa mwaka 1638. Nguzo kubwa ya marmari ilikuwa imelazwa juu ya vipande viwili vya mti, kila ncha na kipande chake. Fundi mmoja akaogopa isije ikakatika kati kwa uzito wake, akashauri kitiwe cha tatu katikati. Wote wakamsifu. Baada ya miezi kadhaa nguzo ikakatika, tena juu kabisa ya kile kipande cha tatu. Kwa nini? Kimoja cha ncha kilikuwa kimeoza kikashuka, cha kati kikabaki kigumu, nusu ya nguzo ikabaki hewani. Pale kati, palipokuwa panavutwa chini, sasa palivutwa juu. Msaada ulioongezwa ndio uliougeuza mkazo.

Sasa nawauliza waashi. Mwajenga roshani inayotoka ukutani kwenda njiani, haina nguzo mbele. Mtu akisimama ukingoni, yavutwa wapi? Juu! Juu, penye ukuta. Na nimeona roshani ngapi katika visiwa hivi ambazo nondo zake zimelala chini? Nyingine zilifungwa juu kwa haki kabisa, mkubwa wa kazi akatazama akaridhika, halafu siku ya kumwaga zege vijana wakazikanyaga kwa karai mabegani hadi zikazama chini. Ukitazama kwa nje roshani hiyo haina tofauti na nzima. Saruji ni nzuri, kokoto ni nzuri, nondo zimelipiwa, ziko ndani. Ziko upande ambao hauna kazi. Tieni viti vya chuma chini ya nondo za juu, wekeni ubao wa kupitia, na asimame mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kutazama nondo tu.

Mapana ya vyumba navyo ni habari ya kupinda. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Amu zina vyumba virefu na vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi kwa upana. Tumezoea kusema boriti za mkoko ndizo zilizoamua, na ni kweli, lakini si kwa kuwa mkoko hauzidi mita tatu. Mti mrefu zaidi ungepatikana. Dari la Amu ni zito: mawe bapa juu ya boriti, kisha kifusi na chokaa. Chukua unene wa sentimita 20 na uzito wa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, una kilo 360 kwa kila mita ya mraba kabla mtu hajatandika mkeka. Sasa panua chumba mara mbili, boriti ziwe zile zile, dari liwe lile lile. Mkazo wa kupinda hauzidi mara mbili, huzidi mara nne. Na kule kulegea katikati huzidi mara kumi na sita. Mara kumi na sita! Kilichokuwa kimelegea nusu sentimita sasa ni sentimita nane, na mawe ya dari hayapindiki, hufunguka. Upana wa chumba cha babu yako ulipimwa na mkazo.

Maseremala, lenu ni fupi. Mbao ya mbili kwa sita ikilazwa, ikisimamishwa, ni mbao ile ile na bei ile ile. Ikisimamishwa ina nguvu mara tatu na ugumu mara tisa. Isimamisheni.

Naona vijana wa boti wananitazama wakisema, na sisi? Haya. Kusokota.

Mafuta yamechomwa, injini imezunguka, nguvu yote yapita kwenye shafti hadi kwenye propela. Shafti haivutwi wala haipindwi, yasokotwa. Mkazo wake ni wa kukata, na katikati kabisa ya shafti hakuna mkazo. Mkubwa kuliko wote uko juu ya ngozi yake. Ndiyo maana ukiitoboa shafti kati, tundu liwe nusu ya kipenyo, umepunguza robo ya uzito na umepoteza sehemu moja tu ya kumi na sita ya nguvu. Na ndiyo maana mkwaruzo wa nje wa tupa si wa kuupuuza: umekwaruza pale pale panapofanya kazi kuliko pengine pote.

Injini nyingi ndogo za boti zina pini ya propela. Pini ile imetengenezwa iwe dhaifu kwa makusudi. Propela ikigonga mwamba au mzizi wa mkoko, pini hukatwa, propela hulegea, gia hupona. Nahodha mmoja nimjuaye alichoka kubadilisha pini kila alipopita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yametoka. Akatia kipande cha bolti ngumu. Akafurahi, pini haikukatika tena. Propela ilipogonga mara ya pili, bolti ikasimama imara kabisa, na mkazo ukaenda kutafuta dhaifu mwingine. Ukamkuta gia. Bei ya gia mwaijua, sitaki kumharibia mtu swaumu yake.

Nimekuja na chaki. Vijana wawili waje hapa mbele. Wewe ipinde hadi ikatike. Wewe mwenzake isokote, usipinde, sokota tu. Haya, onyesheni watu.

(Iliyopindwa ilikatika mkato wa wima. Iliyosokotwa ilikatika kwa mshazari uliozunguka, na watu wakacheka kwa mshangao.)

Mmeona? Chaki hii haikuvutwa na mtu. Imesokotwa. Lakini ndani ya kusokotwa mna kuvutwa kulikojificha kwa mshazari wa nyuzi 45, na chaki, ambayo haiwezi kuvutwa, imefunguka huko huko. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy ndiye aliyelipanga jambo hili mwaka 1822: mkazo ndani ya kitu si mmoja, wategemea umekata uso upande gani. Geuza uso, kukata kwaonekana kuvuta. Shafti ya chuma laini yenyewe hukatika bapa, kwa kuwa chuma laini hushindwa na kukatwa kabla ya kuvutwa. Kwa hiyo kitu kikivunjika msikitupe haraka. Kitazameni uso. Bapa au mshazari, uso utawaambia ni mkazo gani uliokiua.

Mengine nayapitia mbio, adhana i karibu. Kuna mikazo isiyo na mzigo wowote. Chuma cha mita 6 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka milimita mbili na kidogo; ukikibana pande zote mbili kisirefuke, hujikaza kwa megapaskali 72, na hakuna aliyekiwekea kitu. Nondo iliyotiwa mchanga wa ufuoni huota kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Zege huvutwa kutoka ndani na kupasuka. Na kila tundu ni mkazo: ukitoboa bapa la chuma tundu la duara, ukingoni mwa tundu mkazo ni mara tatu. Kona kali ni mbaya kuliko duara.

Maswali yalikuwa mengi. Naandika mawili.

Mwashi mmoja aliuliza: roshani imekwisha jengwa, na ashuku nondo ziko chini. Aivunje? Nilimwambia atazame kwanza juu, pale inapokutana na ukuta. Akikuta ufa unaokwenda sambamba na ukuta, asipande mtu, na chini yake asipite mtu. Kama haina ufa, kuna njia ya kuiponya bila kuivunja: asimamishe nguzo mbili ukingoni mwa mbele, juu ya msingi wa kweli. Roshani sasa inalala juu ya ukuta na nguzo, inavutwa chini, na nondo zilizokosewa zimejikuta mahali pake. Alicheka. Nikamwambia bado aniletee vipimo, kwani nondo zikiwa chache hazitatosha hata zikiwa mahali pake.

Mama mmoja alisema ukuta wake una ufa wa mshazari, unaanza kona ya dirisha kushuka kwenye sakafu, na fundi amekuja kuuziba mara tatu. Nilimuuliza kama ameiona ile chaki. Ufa wa mshazari maana yake ukuta umevutwa kwa kuukingama ufa, na mara nyingi ni msingi wa upande mmoja unaozama, hasa palipo na shimo la maji machafu au mfereji wa paa unaomwaga hapo hapo kila mvua. Kuziba ufa hakuzuii msingi kuzama. Nikamwambia afanye hivi: achukue kipande chembamba cha kioo, akibandike kwa plasta kukingama ufa, juu na chini, aandike tarehe kwa penseli. Kioo hakiwezi kuvutwa hata kidogo. Kikipasuka kabla ya mvua za masika kuisha, nyumba ingali inakwenda, na fundi asiguse lipu hadi mtu achimbe pembeni mwa msingi na kutazama maji yanakoingilia.